Mizani ya Mkono ya Kupimia Begi: Tarakimu za Kulipia na Tarakimu za Kuamini

Msafiri anaondoka Dar es Salaam kwenda Minneapolis na begi la kilo 22.9. Linapita bila senti ya ziada, kwa kuwa kikomo chake ni kilo 23. Anaporudi na begi la uzito uleule, kaunta ya kule inapima kwa paundi, na kikomo kilichoandikwa ni paundi 50. Paundi 50 ni kilo 22.68. Begi lake linasoma paundi 50 na nusu, na anaweza kuambiwa limezidi bila mtu yeyote kumwonea. Mashirika kadhaa ya ndege ya Marekani hutoza dola 100 kwa begi lililovuka paundi 50, tena kwa safari ya upande mmoja.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu swali la "ninunue mizani gani ya begi?" huwa linaulizwa kuanzia mwisho. Watu hutazama picha za mizani, hulinganisha bei na desimali, kisha hununua ile yenye tarakimu nyingi zaidi. Kazi ya mizani hii ni moja tu: kukuambia, ukiwa bado chumbani kwako, umebakiza kiasi gani kufikia kikomo utakachopimiwa kaunta. Kwa hiyo ujue kwanza kikomo chako, halafu uchague mizani unayoweza kuiamini, halafu uamue utaacha nafasi ya gramu ngapi. Mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Mtu mwenye mizani ya bei rahisi aliyeacha nafasi ya kutosha yuko salama kuliko mwenye mizani ghali aliyejaza begi mpaka gramu ya mwisho.

Soma tiketi kabla ya kwenda dukani

Kwenye tiketi, pale palipoandikwa mizigo, kuna herufi chache ambazo wengi huziruka. Ukiona 2PC, umepewa vipande viwili, na kila kipande kina kikomo chake, mara nyingi kilo 23. Ukiona 30K, umepewa kilo 30 kwa jumla. Mifumo hii miwili ndiyo inayowachanganya watu mpaka begi linafunguliwa sakafuni, kanga na viatu nje, foleni nzima ikitazama. Mwenye 2PC akija na begi la kilo 26 na jingine la kilo 18, jumla yake ni 44. Atasema, na kwa akili ya kawaida ana haki kusema, kwamba hajafika 46. Lakini begi la kwanza limezidi kilo tatu, na hizo ndizo zitakazolipiwa au kuhamishwa. Mwenye 30K akija na begi la kilo 17 na la kilo 13 hana shida yoyote, maana wanachotazama ni jumla.

Tofauti hiyo inagusa mizani moja kwa moja. Mwenye vipande anahitaji kulijua kila begi peke yake. Mwenye jumla anajumlisha, na kosa la mizani nalo linajumlishwa: mizani inayopunguza gramu 200 katika kila begi, ukipima mabegi matatu imekuficha zaidi ya nusu kilo.

Kuna kikomo kingine kisichojali pesa zako. Katika viwanja vingi, begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi kama begi la abiria hata ukiwa tayari kulipia. Ligawanywe, au liende kama shehena. Sababu yake ni migongo ya wapakiaji, ambao huinua mabegi kwa mikono, wakiwa wameinama ndani ya tumbo la ndege. Kwa msafiri maana yake ni kwamba mizani ya kupima mpaka kilo 40 au 50 inatosha kabisa. Zile zinazojisifu kwa kilo 75 au 100 zinakuuzia kitu ambacho hutakitumia uwanjani.

Halafu kuna ndege ndogo, na hapa sitaki kupita haraka. Ukishuka Nairobi, Dar au Arusha na mabegi yako mawili ya kilo 23, kisha ukaunganisha kwa Cessna Caravan kwenda Maasai Mara, Serengeti au Mafia, mara nyingi kikomo kinashuka hadi kilo 15, na begi linatakiwa liwe laini ili liweze kusukumwa kwenye sehemu yake ya mizigo. Wengi hukasirika wakidhani wanaonewa. Ukweli ni kwamba rubani wa ndege hiyo anahitaji kujua uzito wote na mahali ulipokaa. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba nyaya za usukani unaoinua na kushusha pua ya ndege zilikuwa zimefungwa vibaya karakana. Lakini walikuta jambo la pili pia: ndege ilibeba uzito mkubwa kuliko ulioandikwa, na uzito huo ulielemea nyuma kupita kiasi, kwa sababu uzito wa abiria na mabegi ulikuwa umekadiriwa kwa wastani wa zamani usiolingana tena na watu wa siku zile. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani ikapandisha makadirio hayo. Kwa hiyo mhudumu wa uwanja mdogo anapokuomba upande na wewe kwenye mizani, panda. Kilo mbili "za kuficha" kwenye ndege ya watu 12 zina uzito mwingine.

Kilichomo ndani ya mizani

Mizani za kuning'iniza begi ziko za namna mbili kubwa: za springi na za kidijitali.

Ya springi unaijua hata kama hujawahi kupanda ndege. Ni nduguye ile ya duara ya kliniki ya watoto, inayofungwa juu kwenye boriti, mtoto akavalishwa kile kisuruali cha kamba na kuning'inia akilia huku muuguzi akisubiri mshale utulie. Nyingi za kliniki hupima mpaka kilo 25 kwa mistari ya gramu 100. Kanuni yake aliitangaza Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa, uzito ukiongezeka maradufu na urefu ulioongezeka huwa maradufu. Ya begi ni hiyo hiyo ikiwa imefanywa ndogo. Haina betri, na hiyo ni sifa ya kweli kwa anayeishi mbali na maduka. Udhaifu wake ni mistari: mara nyingi imepangwa kwa nusu kilo, kwa hiyo kati ya 22.5 na 23 unabaki kukisia kwa jicho. Nyingine zina mshale wa pili, mwekundu, unaobaki pale uzito ulipofikia. Wazo ni zuri, ila ukiinua begi kwa kulishtua, mshale ule unarushwa juu na kubaki juu, nawe unaondoa vitu ambavyo hukutakiwa kuviondoa. Springi iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi ilivyokuwa, na mshale usiporudi sifuri mizani hiyo imechoka.

Ya kidijitali, ambayo ndiyo imejaa madukani, haina springi. Ndani yake kuna kipande cha aluminiamu au chuma, na juu yake umebandikwa utepe mwembamba sana wa metali uliokunjwa kwenda na kurudi. Begi linaponing'inia, kipande kile hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Utepe unavutwa nacho, unakuwa mwembamba na mrefu kidogo, na umeme unapita kwa shida zaidi kidogo. Tepe kama hizo hupangwa nne kwa mpango uitwao daraja la Wheatstone, ambao unaweza kutambua mabadiliko hayo madogo, na chipu inayageuza kuwa tarakimu. Utepe huu ulibuniwa mwaka 1938 na Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja akifanya kazi bila kumjua mwenzake.

Ninayaeleza haya kwa kuwa magonjwa yote ya mizani ya kidijitali yanatoka hapo. Kinachopimwa ni umeme mdogo mno, sehemu chache za elfu za volti moja, kwa hiyo betri ikichoka tarakimu huanza kuyumba, wakati mwingine kabla neno Lo halijatokea kwenye skrini. Ukiitoa kwenye gari lililopigwa jua na kuitumia papo hapo, chuma bado kina joto na sifuri inatembea. Ukiidondosha sakafuni au kuning'iniza mtungi mkubwa wa gesi ili kuijaribu nguvu, kipande cha ndani kinaweza kupinda moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo inasema uongo kwa utulivu kabisa.

Kuna na jambo la kushangaza kidogo. Springi na utepe vyote viwili vinapima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano huo haulingani kila mahali: karibu na ikweta ni mdogo, karibu na ncha za dunia ni mkubwa, na ukipanda milimani hupungua tena. Mizani iliyorekebishwa ikasoma sawasawa kilo 23 Nairobi, ukiipeleka London itasoma begi lilelile karibu gramu 85 zaidi. Mizani za kaunta hurekebishwa zilipo, kwa hiyo hazina shida hiyo. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha ni kwa nini tarakimu ya mwisho kwenye skrini yako haistahili heshima unayoipa.

Gramu 10 za kwenye boksi

Karibu kila boksi la mizani ya kidijitali limeandikwa "50 kg / 10 g". Mnunuzi anaelewa kwamba mizani hii haikosei zaidi ya gramu 10. Haijasema hivyo. Imesema kwamba skrini inaonyesha hatua za gramu 10: 22.41, 22.42, 22.43. Hatua za skrini ni jambo moja, ukweli wa uzito ni jambo jingine, na mizani inaweza kuonyesha 22.43 kwa kujiamini huku begi likiwa na kilo 22.65.

Sasa tazama upande wa pili, mizani ya kaunta. Nyingi huonyesha desimali moja tu, yaani hatua za gramu 100. Kanuni za shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, ambazo nchi nyingi hujenga sheria zao juu yake, zinairuhusu mizani ya kibiashara ya namna hiyo, kwa uzito wa kama kilo 23, kukosea mpaka gramu 50 inapohakikiwa na mpaka gramu 100 ikiwa kazini. Fikiria maana yake. Kaunta namba tano inaweza kuwa juu kwa gramu 100 na namba sita chini kwa gramu 100, na zote mbili ni halali. Hata ungekuwa na mizani ya maabara nyumbani kwako, usingeweza kujaza begi mpaka 22.99 ukalala usingizi.

Ndiyo maana nasema usilipie desimali. Ukiwa na mizani uliyoipima na kuijua, jaza begi mpaka 22.5. Ikiwa ni mpya na hujaijaribu, au ni ya kuazima kwa jirani, simama kwenye 22. Ukitarajia kupimiwa kwa paundi, simama kwenye 22.2, ambazo ni kama paundi 49. Kwa begi la kilo 32, kumbuka kwamba paundi 70 ni kilo 31.75, simama kwenye 31.

Dukani, iwe mkononi mwako

Ukiwa Kariakoo, Luthuli Avenue au popote, usikubali kuonyeshwa boksi tu. Omba ifunguliwe. Shika mpini wake na ujiulize kama vidole vyako vitaweza kubeba kilo 23 kwa sekunde tano au sita, mkono mmoja au miwili. Mipini myembamba ya plastiki inakata vidole, na mkono unaotetemeka hautoi tarakimu iliyotulia. Mpini mpana ambao mikono miwili inaenea juu yake una thamani kuliko taa ya skrini, bluututhi na mapambo mengine yote.

Kisha tazama kinachoshika begi. Kuna ndoano na kuna mkanda. Ndoano ni ya haraka na inafaa kwa mifuko ya shangazi kaja, madumu na maboksi yaliyofungwa kamba. Kwa mfuko wa shangazi kaja hakikisha imeshika mikono yote miwili, maana ukiushika mmoja mfuko unalala upande na mshono unaanza kufumuka. Mkanda unafaa zaidi kwa masanduku magumu, ambayo mpini wake ni mnene na ndoano ndogo haiingii. Angalia kifungo cha mkanda: kiwe cha chuma. Cha plastiki ndicho sehemu ya kwanza kuvunjika, na kikivunjika kilo 23 zinashukia vidole vya mguu.

Jambo ambalo sitalegeza ni uwezo wa kushikilia tarakimu. Mizani nzuri hungoja uzito utulie, inapiga mlio, na inaiacha namba kwenye skrini hata baada ya kushusha begi. Isiyo na uwezo huo inakulazimisha kusoma ukiwa umeinua, shingo imepinda, na skrini mara nyingi imeelekea upande wa begi. Mtu mfupi au mwenye mgongo mbovu hawezi kuitumia akiwa peke yake.

Angalia vizio vyake. Mizani nyingi kutoka China zina kitufe kinachobadilisha kutoka kg kwenda lb, na baadhi zina jin, kipimo cha Kichina cha nusu kilo. Mfanyabiashara anayetoka Guangzhou akisoma 44 kwenye begi analojua ni la kama kilo 22 asishtuke; abonyeze kitufe mpaka kg irudi. Kitufe hicho huguswa kwa bahati mbaya mara nyingi, kwa hiyo zoea kusoma herufi ndogo pembeni ya tarakimu kabla ya kusoma tarakimu zenyewe.

Betri: zile nyembamba za rimoti, AAA, zinapatikana kila duka la mtaani. Ile bapa ya duara, CR2032, utaipata kwa fundi saa au duka la simu, si kila mahali. Mizani ya betri bapa huwa ndogo na nyepesi zaidi, na hilo ni jambo zuri ukiwa safarini, lakini nyumba yenye watoto wadogo ichague ile ambayo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri hii ina upana wa milimita 20, na mtoto akiimeza inaweza kukwama kwenye umio na kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukihisi tu kwamba mtoto ameimeza, mpeleke hospitali wakati huohuo. Usimtapishe, usingoje aanze kulalamika.

Zipo pia za kuchajiwa kwa waya wa simu na za kuzungusha ili zitoe umeme wake zenyewe. Sioni sababu ya kuzikataa wala kuzifuata. Mabegi yenye mizani ndani yake ni habari nyingine: tangu Januari 2018 mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuyakataa mabegi yenye betri ya lithiamu isiyotoka. Ukinunua la namna hiyo, hakikisha betri inachomoka.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Kosa la mizani halijulikani kwa kuitazama. Linajulikana kwa kuning'iniza kitu ambacho uzito wake unaujua, na bahati nzuri nyumba zetu zina vitu hivyo. Bando la unga la Kenya lina paketi 12 za kilo mbili, yaani kilo 24 na uzito kidogo wa karatasi. Mfuko wa mchele au sembe wa kilo 25 upo kila duka la jumla Tanzania. Maji nayo: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, ukiongeza chupa zenyewe. Dumu la lita 20 silipendi kwa kazi hii, maana ukilijaza mpaka mdomoni huwa linaingiza zaidi ya 20, na hujui zaidi kiasi gani.

Njia ninayoiona bora ni kumwomba mwenye duka la nafaka akupimie mfuko kwenye mizani yake iliyohakikiwa. Tanzania utaona stika ya Wakala wa Vipimo ubavuni mwa mizani. Kenya nayo ina sheria inayotaka mizani za biashara zihakikiwe na kugongwa muhuri. Kilo 20 za mchele zilizopimwa hapo mbele yako ni kipimo kizuri kuliko maandishi ya kwenye mfuko. Zirudishe nyumbani, zining'inize.

Jaribu katika uzito tofauti, kilo tano, kilo 10, kilo 20 na zaidi, kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi chini na kupotea juu, na wewe unaijali huko juu. Pima kila uzito mara tatu. Tarakimu tatu zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 100, irudishe dukani. Mizani isiyokubaliana na nafsi yake haina dawa. Lakini ikiwa inakosea kwa namna ileile kila mara, tuseme inapunguza gramu 150 kwenye kilo 20, usiitupe. Bandika kipande cha plasta mgongoni na uandike: "20 → ongeza 150 g". Mizani yenye kosa linalojulikana ni mizani nzuri. Na kila ukisafiri, soma namba ya kaunta, ilinganishe na uliyoipata nyumbani, urekebishe maandishi yako. Huo ni uhakiki wa bure.

Kama huna mizani ya mkono kabisa, ile ya kupimia watu nyumbani inasaidia: panda peke yako, kisha panda umebeba begi, toa. Tatizo ni kwamba umepima mara mbili, kwa hiyo makosa mawili yameingia kwenye jibu moja. Ukitumia njia hii, acha nafasi ya kilo nzima.

Namna ya kupima

Washa mizani kwanza, ikiwa tupu, ndoano au mkanda ukining'inia. Ngoja sifuri. Ndipo ufunge begi. Ukiiwasha begi likiwa tayari limeanza kuivuta, itahesabu sehemu ya uzito huo kama sifuri na kukupa namba ya kufurahisha ambayo kaunta haitaikubali.

Funga begi kabisa, pamoja na kufuli na kile kilemba cha nailoni kama utalifunga nacho, maana navyo vinapimwa. Fungia kwenye mpini wa juu, inua taratibu na wima, na hakikisha begi haligusi paja, kitanda wala sakafu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: begi kubwa likiegemea goti lako, goti limebeba sehemu ya uzito. Usiliyumbishe pia, kwa sababu begi linalobembea huivuta mizani zaidi kila linapopita chini. Kama mkono hautoshi, pitisha mti imara, mpini wa jembe unafaa, kwenye mpini wa mizani, watu wawili washike ncha mbili. Pima mara tatu na uchukue namba kubwa.

Usisahau begi la mkononi. Mashirika mengi huliwekea kilo 7, na siku hizi wanalipima kweli, wakati mwingine mlangoni kabisa mwa ndege. Sanduku gumu kubwa huwa na kilo tatu mpaka tano likiwa tupu, wakati mfuko wa shangazi kaja haufiki hata kilo moja. Mwenye kupeleka dagaa, korosho na unga wa muhogo kwa ndugu walio Ulaya au Muscat anaweza kupata kilo nne za bure kwa kubadilisha tu kinachobeba, ilimradi vitu vyake si vya kuvunjika.

Na mizani yenyewe isiachwe nyumbani. Ina uzito mdogo, mara nyingi chini ya gramu 150, na kazi yake kubwa iko wakati wa kurudi, pale unapotoka Dubai, Guangzhou au Makkah na vitu ambavyo hukwenda navyo. Iweke kwenye begi la mkononi pamoja na betri ya akiba. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi linalokwenda chini.

Ukifika kaunta

Mizani yako haina nguvu ya kisheria mbele ya ile ya uwanja. Kumwonyesha mhudumu skrini yako hakutabadilisha kitu. Lakini una haki ya kutazama. Kabla hujaweka begi, tupa jicho kwenye namba: inapaswa kuwa sifuri. Ukishaliweka, angalia kama halijaegemea ukuta wa pembeni, halijagusa mkanda unaosogea nyuma yake, na kama mguu wa mtoto au wa mtu wa foleni haujakanyaga ukingo. Namba ikipishana na yako kwa zaidi ya nusu kilo, sema kwa adabu: "Samahani dada, naomba tulipime tena, au tujaribu kaunta ya pili." Anayekuja na namba aliyoipima mara tatu nyumbani huomba kwa utulivu, na mara nyingi husikilizwa.

Na kama kweli limezidi, ujue mapema utatoa nini. Panga vitu vizito na vidogo, viatu, vitabu, paketi za kahawa, juu kabisa chini ya zipu, vikiwa kwenye mfuko wao, ili usilazimike kumwaga nguo mbele za watu. Ukihamishia kwenye begi la mkononi, epuka asali, achari, mafuta ya nazi na chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100, maana viwanja vingi vitakinyang'anya dakika kumi baadaye kwenye ukaguzi. Ukihamishia upande wa pili, kutoka mkononi kwenda kwenye begi la chini, toa kwanza pawabenki: hiyo inasafiri na wewe ndani ya ndege tu, na ikizidi wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000, ni lazima upate ruhusa ya shirika.